Je, Wajua? Herufi Moja Inayoizuia Kompyuta ya Zamani Kuwaka

Je, wajua kwamba kompyuta inaweza kuwa nzima kila kipande, diski inazunguka, RAM imekaa sawa, feni inavuma, na bado ikagoma kuwaka kwa sababu ya herufi moja? Herufi hiyo haimo kwenye mashine. Imo kwenye faili la maandishi liitwalo .config, ambalo mjenzi wa kerneli ya Linux alilijaza akiwa mbali, akiwa na mashine mpya isiyofanana hata kidogo na ile Dell ya mtumba iliyolala juu ya meza ya fundi pale Kabwe, Mbeya, au Miyomboni, Iringa.

Kerneli ndiyo programu inayoshika usukani mara BIOS na GRUB, programu inayoipakia kerneli, zinapomaliza zamu yao. Ndiyo inayoitambua prosesa, inayogawa RAM na kuitafuta diski. Kabla haijajengwa, kuna machaguo zaidi ya 10,000 ya kupangwa, na mengi kati yake hujibiwa kwa herufi. Ukiweka y, kitu kinaingia ndani ya kerneli yenyewe. Ukiweka m, kinatengwa kama moduli ili kipakiwe baadaye kutoka kwenye diski. Ukiacha wazi, hakimo kabisa. Sasa chukua draiva ya kidhibiti cha diski, uiwekee m, halafu usiwe na initramfs, yaani kile kifurushi kidogo kinachopakiwa kwenye RAM pamoja na kerneli kikiwa kimebeba moduli za kuanzia. Kerneli inahitaji draiva ili iisome diski, na draiva yenyewe imo ndani ya diski hiyohiyo. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Kubadilisha m iwe y, kisha kuijenga kerneli upya, kunatosha kuifufua mashine iliyokuwa inangoja kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Je, wajua kwamba tarakimu mbili kwenye skrini zinaeleza ugonjwa? Mashine ikikwama hapo huandika Kernel panic, kisha VFS: Unable to mount root fs, na mwishoni unknown-block(0,0). Wengi huliona lile neno panic, wakazima. Habari yenyewe imo kwenye tarakimu. Sufuri mbili zinasema kerneli haikuipata diski iliyoambiwa iitafute: ama draiva haimo, ama initramfs haikupakiwa, ama jina la diski limekosewa. Ukiona (8,1), habari ni nyingine. Namba 8 ni ya ukoo wa diski za sd, na 1 ni sehemu ya kwanza, yaani sda1. Diski imeonekana vizuri. Kilichobaki ni kwamba kerneli haiwezi kuusoma mfumo wa mafaili uliomo, labda kwa kuwa ext4 haikuwekewa y, au mfumo wenyewe umeharibika. Fundi anayekimbilia kununua diski mpya baada ya kuona (8,1) anamtoza mteja gharama ya kitu ambacho hakijachunguzwa.

Kwa mashine za Intel za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, chaguo linalosahauliwa huwa ni CONFIG_ATA_PIIX. Kwenye bodi za VIA tafuta CONFIG_PATA_VIA, na kwenye za SiS, CONFIG_PATA_SIS. Hakuna haja ya kubahatisha. Washa mashine kwa Linux ya kwenye CD au flashi, ile inayofanya kazi bila kusakinishwa, kisha andika lspci -k. Orodha itakayotoka itakutajia kila kifaa na draiva inayokiendesha.

Jina la diski nalo limewahi kubadilika, na mabadiliko hayo bado yanawaumiza watu. Zamani diski ya IDE iliitwa hda. Draiva za kizazi kipya zilipochukua nafasi, diski ileile ikawa sda, na draiva za zamani za IDE zikafutwa kabisa katika kerneli 5.14 ya Agosti 2021. Kwa hiyo mashine iliyosakinishwa miaka mingi iliyopita, ikiwa na mstari wa kuwashia unaosema root=/dev/hda1, ikipewa kerneli mpya itaitafuta diski ambayo haipo tena kwa jina hilo. Dawa ya kudumu ni kuacha majina na kutumia kitambulisho cha UUID. Ila kumbuka kwamba root=UUID inategemea initramfs. Kama umejenga kerneli isiyo nayo, andika PARTUUID, ambayo kerneli inaielewa yenyewe.

Je, wajua kwamba kompyuta iliyozaa Linux haiwezi tena kuiwasha Linux mpya? Januari 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi mjini Helsinki, alinunua kompyuta yenye prosesa ya Intel 386, akaanza kuandikia humo kile alichokitangaza tarehe 25 Agosti mwaka huohuo. Februari 2013 kerneli 3.8 ilitoka ikiwa imeondolewa uwezo wa kuendesha 386. Mwaka 2022 Torvalds akapendekeza hata 486 iachwe. Sioni ubaya katika hilo: kila prosesa ya zamani inayobebwa ni msimbo ambao lazima mtu autunze na kuujaribu. Lakini mtumiaji anapaswa kujua kwamba kerneli mpya si lazima iwe bora kwa mashine yake.

Na Finland haiko mbali na Iringa kama ramani inavyodai. Mwaka 2007 chuo cha Tumaini cha Iringa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya kwanza ya teknolojia ya habari kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu. Mtafiti wa Kifini, Matti Tedre, alikuwa miongoni mwa walioiongoza, na wazo lake kuu liliandikwa wazi: mtaala uanzie kwenye mazingira ya Tanzania badala ya kunakiliwa kutoka nchi tajiri. Mtaalamu anayehitimu Iringa atakutana na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, vumbi, mtandao wa kusuasua na mashine zilizokwisha kutumika kwingine. Nalipenda wazo hilo kuliko mengi niliyoyasoma kuhusu elimu ya kompyuta Afrika, kwa sababu linamheshimu fundi wa hapa kama mtu mwenye matatizo yake halisi. Miaka mitatu kabla yake, Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Je, wajua kwamba kuna wakati Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta? Kompyuta ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta nchini, na zuio hilo likalegea polepole kuanzia miaka ya 1980. Mbeya ilipata chuo chake cha ufundi mwaka 1986, kile kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST. Vijana wanaosoma pale Iyunga leo wamekulia katika nchi iliyojaa kompyuta za mtumba. Kuna nchi zilizozizoea kompyuta zikiwa mpya. Sisi tulikutana nazo kwa wingi zikiwa zimekwisha kutumika, na ndiyo maana elimu ya kuziwasha ni elimu yetu.

Tuje kwenye prosesa, mahali ambapo makosa ni mengi. Ukiweka mfumo wa biti 64 kwenye prosesa ya biti 32, kerneli inakwambia waziwazi kwamba inahitaji x86-64 na imepata i686 tu. Hapo hakuna cha kutengeneza, tafuta toleo la biti 32. Kisa cha kusisimua zaidi ni cha Pentium M, prosesa ya mwaka 2003 iliyomo kwenye ThinkPad T40 na Dell Latitude D600, laptopu imara zilizozunguka sana duniani. Kerneli nyingi za biti 32 zilianza kudai PAE, uwezo ulioletwa na Pentium Pro mwaka 1995 wa kufikia RAM zaidi ya GB 4. Mfumo wa Linux wa Ubuntu 12.10 uliacha kabisa kutoa kerneli isiyo na PAE. Pentium M za mwanzo zikakataliwa, zikiandikiwa kwamba hazina sifa hiyo. Kumbe zinayo! Intel haikuwasha tu ile alama inayoitangaza. Mwaka 2014 kerneli 3.15 ikapokea neno moja, forcepae, linaloiambia: usiulize alama, tumia. Ubuntu 14.04 ililipokea pia. Laptopu zilizokuwa zimekatiwa tamaa zikawaka kwa herufi nane zilizoongezwa kwenye mstari wa GRUB.

Kinyume chake kipo. Ukijenga kerneli mwenyewe ukachagua familia ya prosesa iliyo mpya kuliko uliyonayo, mashine inaweza kunyamaza kabisa, skrini nyeusi, bila hata neno moja la kosa. AMD K6, kwa mfano, haina amri ya CMOV ambayo kerneli ya 686 inaitegemea. Ukiwa na shaka, chagua familia ya chini. Utapoteza kasi kidogo na utapata mashine inayowaka.

RAM nayo ina chaguo lake. Kerneli ya biti 32 isiyowekewa HIGHMEM hutumia MB 896 tu, hata kama umeweka GB 2. Kabla ya kumlaumu muuzaji wa RAM wa Mwanjelwa, Mbeya, soma ujumbe wa mwanzo kwa amri ya dmesg. Kerneli yenyewe hutamka kwamba itatumia MB 896 na kukushauri ujenge nyingine yenye HIGHMEM. Na je, wajua kwamba RAM yenye doa inaweza kuendelea kutumika? Ukipata kwa programu ya memtest anwani iliyoharibika, neno memmap kwenye mstari wa kuwashia linaiamuru kerneli iruke eneo hilo na kutumia lililobaki. Kwa mashine ambayo RAM yake haipatikani tena madukani, huo ni uhai wa miaka kadhaa.

Skrini ikiwa nyeusi mara baada ya GRUB, mtuhumiwa wa kwanza ni kadi ya picha. Tangu kerneli 2.6.29 ya mwaka 2009, kerneli ilianza kupanga skrini yenyewe, na kadi za zamani nyingine haziendani na utaratibu huo. Kwenye GRUB bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na linux, futa quiet na splash, ongeza nomodeset, kisha bonyeza F10. Badiliko hilo ni la kuwasha mara moja tu, halidhuru chochote. Likifaa, liandike kwenye /etc/default/grub na uendeshe update-grub. Kufuta quiet, kwa maoni yangu, ndilo jambo lenye manufaa kuliko yote yaliyomo katika makala haya, kwa kuwa picha ile nzuri ya kuwashia inaficha maneno yote ambayo yangekuambia tatizo liko wapi.

Kuna wanaotumia acpi=off kama dawa ya kila homa. Inawasha mashine kweli, hasa zenye BIOS yenye kasoro. Lakini mashine inaweza kupoteza uwezo wa kujizima, usomaji wa betri, udhibiti wa feni kwenye baadhi ya laptopu, na mara nyingi kiini cha pili cha prosesa hakionekani tena. Jaribu kwanza noapic, kisha nolapic, na acpi=off iwe ya mwisho.

Je, wajua kwamba betri ndogo inaweza kuifanya Linux ikatae diski nzima? CR2032 ndiyo inayoishikilia saa ya kompyuta umeme ukizimwa. Ikichoka, kila mashine inapowashwa saa hurudi miaka mingi nyuma. Baridi ya Mbeya, ambako usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, huidhoofisha zaidi betri iliyokwisha kuchoka. Linux inapokagua diski inakuta tarehe ya mwisho ya kutumika iko mbele ya tarehe ya leo, inatangaza kwamba muda huo uko katika siku zijazo, na wakati mwingine inasimama ikingoja mtu aingilie. Ukivuka hapo, tovuti salama zinakataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika, na apt, programu ya kusakinishia programu, inagoma vilevile. Mtu asiyejua anasakinisha upya mfumo mzima, wakati kinachohitajika ni kubadilisha betri. Kama kwenye mashine hiyo kuna Windows na Linux pamoja, angalia jambo jingine: Windows huandika saa ya hapa kwenye bodi, Linux hudhani ni saa ya Greenwich na kuongeza saa tatu zetu. Mashine inakwenda mbele saa tatu kila inapohamia Linux. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 inazipatanisha.

Mwinuko nao una sehemu yake, ingawa ndogo. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo feni inasukuma hewa pungufu kila inapozunguka. Baridi hufidia. Diski za kuzunguka, ambazo vichwa vyake huelea juu ya hewa, kwa kawaida huruhusiwa hadi mita 3,048, hivyo Mbeya na Iringa hazina hatari yoyote kwao. Vumbi ndilo adui wa kweli wa feni.

Je, wajua kwamba milango inazidi kufungwa kwa mashine za zamani? Mfumo wa Linux wa Debian 9 wa mwaka 2017 uliacha prosesa za kizazi cha 586. Debian 12 ya Juni 2023 iliacha AMD Geode LX, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya laptopu ndogo za kijani za mradi wa mtoto mmoja laptopu moja, XO-1. Jirani zetu Rwanda walisambaza laptopu za mradi huo zaidi ya 200,000 mashuleni kuanzia mwaka 2008. Kisha Debian 13, tarehe 9 Agosti 2025, ikatoka bila kerneli wala kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Debian 12 itaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Juni 2028. Kwa mwenye Pentium 4 ya biti 32, hiyo ndiyo tarehe ya kuandika ukutani.

Upande wa pili, tarehe 14 Oktoba 2025, Siku ya Nyerere, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, kwa hiyo maelfu kwa maelfu ya Core 2 Duo na Core i5 za mwanzo zimeachwa njiani zikiwa na nguvu zake. Hizo zote ni za biti 64, na Debian 13 inaziwasha bila kuhitaji neno lolote la ziada. Ofisi, shule na zahanati zenye mashine hizo zisiharakishe kuzitoa.

Kwa mwenye nia ya kujenga kerneli ya mashine moja maalumu, njia fupi ilipatikana Desemba 2009, Steven Rostedt alipoleta make localmodconfig katika kerneli 2.6.32. Amri hiyo hutazama moduli zinazotumika sasa hivi kwenye mashine na kuacha nyingine zote. Chomeka kwanza kila kifaa unachokitumia, printa, modemu, flashi, maana kisichochomekwa hakitahesabiwa. Usijengee kwenye mashine dhaifu yenyewe. Ijengee kwenye kompyuta yenye nguvu ya chuo au ya rafiki, kwa ARCH=i386 kama ni ya biti 32, kisha uihamishe kwa flashi. Na usiifute kerneli ya zamani mpaka mpya iwe imewaka. Walimu wa MUST, wa Chuo Kikuu cha Iringa na wa vituo vya VETA wangewapa wanafunzi mashine moja ya mtumba kila kundi na kazi hii moja, wanafunzi hao wangeielewa kompyuta kuliko kwa muhula mzima wa nadharia.

Mwisho, wajua kwamba Jumanne ya tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu, saa ya biti 32 itajaa na kurudi mwaka 1901? Kerneli yenyewe ilirekebishwa katika toleo 5.6 la Machi 2020, lakini programu zinazoendeshwa juu yake lazima nazo zirekebishwe. Debian 13 ilizihamishia programu zake kwenye saa ya biti 64, isipokuwa za i386, zilizoachwa makusudi ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi. Kama SACCOS yako au duka lako la pembejeo linaweka hesabu za mikopo ya miaka mingi kwenye mashine ya biti 32, tarehe za marejesho zinaweza kuvuka siku hiyo muda mrefu kabla haijafika. Andika uname -m leo. Ukiona i686, mwite fundi wako aangalie kama prosesa yenyewe ni ya biti 64, maana mara nyingine mashine iliwekewa mfumo wa biti 32 bila sababu, na kuhama ni kazi ya siku moja.